Seva ya kupanga haina jiko

Ukipanga chumba Nkuhungu au Chang'ombe ya Dodoma kwenye nyumba yenye Luku moja, masharti unaambiwa kabla hujashusha godoro: taa sawa, televisheni sawa, jiko la umeme hapana. Mwenye nyumba hana ugomvi na wali wako. Anajua tu kwamba jiko likiwashwa, uniti za wapangaji wote zinayeyuka. Seva za kupanga, zile za bei nafuu ambazo tovuti nyingi zinakaa kwenye mashine moja, zinaendeshwa kwa akili hiyohiyo, na kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, ndiyo jiko la umeme.

Sasa chukua mtu anayehitaji maktaba ambayo mwenye seva hakuiweka. (Maktaba hapa ni mafaili ya `.so` na `.a` yanayotumiwa na programu nyingine, si ya kusomea vitabu.) Maelekezo ya programu huria nyingi yameandikwa na mtu mwenye mashine yake: `./configure`, `make`, `sudo make install`, kwisha. Mpangaji hana `sudo` (ruhusa ya msimamizi), mara nyingi hata `gcc` (kompaila ya C) hana, na akiwa nayo inakatwa katikati ya kazi. Ushauri wetu ni mmoja: usipike kule. Pika kwenye laptopu yako, ndani ya kontena (mfumo wa Linux uliofungiwa pembeni ndani ya laptopu) linalofanana na seva, upeleke kilichoiva. Kupika kwenyewe si kugumu. Kinachotesa watu ni kutojua seva inataka nini.

Mfano wa kutembea nao: mfumo mdogo wa Django (kiunzi cha Python cha kujengea tovuti) wa kurekodi mizani ya zabibu za wakulima wa Hombolo na Mpunguzi. Msimu ukiwa mkali watumiaji ni makarani wachache, kwa hiyo SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, inatosha kabisa. Kwenye laptopu unatembea vizuri. Unaupeleka kwenye seva yenye AlmaLinux 8, ambako Python 3.11 inatumia SQLite ya mfumo, na unapokelewa hivi:

    ImproperlyConfigured: SQLite 3.31 or later is required (found 3.26.0).

Django 5.1 inataka SQLite 3.31 kwenda juu. AlmaLinux 8 ina 3.26.0 na haitaibadilisha, kwa sababu familia hiyo ya Linux huziba mianya ya usalama lakini haipandishi matoleo ovyo. Kumwandikia mwenye seva "naomba mpandishe SQLite" ni kupoteza muda. Akigusa ya kwako amegusa ya wapangaji wote.

Soma masharti ya nyumba kwanza

Ingia kwenye seva kwa SSH (terminali ya mbali), kisha andika haya kabla ya kushusha faili lolote:

    ldd --version | head -1
    uname -m
    ulimit -a
    mount | grep -E ' /tmp | /home '
    which gcc make cmake perl

Mstari wa kwanza ndio wenye uzito kuliko yote: unakuambia toleo la glibc, maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu ya Linux inaitegemea. CentOS 7 ina 2.17, AlmaLinux 8 ina 2.28, AlmaLinux 9 ina 2.34. Laptopu yenye Ubuntu 22.04 ina 2.35, na ya 24.04 ina 2.39. Andika namba ya seva yako mahali, utaihitaji.

Wa pili ukitoa `x86_64` na wewe unatumia Mac ya M1 au mpya zaidi, kumbuka kuongeza `--platform linux/amd64` kila unapowasha kontena, la sivyo utapeleka programu ya ARM (aina nyingine ya prosesa) na seva itakujibu `Exec format error`.

Kwenye `mount`, tafuta neno `noexec`, yaani mafaili ya hapo hayaruhusiwi kuendeshwa. Likiwa kwenye `/tmp`, ni kawaida. Likiwa kwenye `/home` yako, hakuna maktaba yoyote utakayoiweka ikafunguka. Utaona `failed to map segment from shared object`. Hapo badilisha seva, usijisumbue na mbinu.

Na `which gcc` ikitoa njia lakini ukiiita unapata `Permission denied`, usidhani imeharibika. cPanel, paneli ya kusimamia seva, ina kitufe cha kuwafungia wapangaji kompaila, na mwenye seva amekibonyeza.

Je, kweli unahitaji kukompaili?

Kwa watu wa Python, nusu ya vilio vya `error: command 'gcc' failed` havihusu kompaila hata kidogo. Vinahusu `pip` (kishusha vifurushi cha Python) ya zamani. Mafaili ya `.whl` huwa na programu iliyokwisha kukompailiwa, lakini `pip` ya kabla ya 19.3 haijui lebo ya `manylinux2014`, na ya kabla ya 20.3 haijui lebo za namna ya `manylinux_2_28`. Isipoielewa lebo, inashusha msimbo na kuanza kukompaili yenyewe kimyakimya. Basi anza hivi:

    python -m pip install --upgrade pip
    python -m pip install --only-binary :all: jina_la_kifurushi

Hiyo `--only-binary` inailazimisha ikatae mara moja badala ya kukusumbua dakika kumi kisha ife. Kwa SQLite peke yake ipo pia `pysqlite3-binary`, ambayo inabeba SQLite yake ndani. Ikikufaa, itumie ukalale. Yanayofuata ni kwa ambaye haikumfaa, au anayetaka kuchagua mwenyewe vipengele vya kuwasha.

Kwa nini kukompaili palepale kunagoma

Tuseme `gcc` ipo wazi. Bado kuna mitego, na ujumbe wake wa makosa hausemi ukweli moja kwa moja.

`configure` ikisema `cannot run C compiled programs`, mara nyingi kompaila ni nzima. Inaandika kijiprogramu cha majaribio, na kikiangukia `/tmp` yenye `noexec` hakiruhusiwi kuendeshwa. Tengeneza folda yako: `mkdir -p ~/tmp; export TMPDIR=~/tmp`, kisha fungulia msimbo ndani ya `/home`, si ndani ya `/tmp`.

`Killed (program cc1plus)` maana yake memori imeisha. Seva nyingi za namna hii zinatumia CloudLinux, ambayo humpimia kila mpangaji memori na idadi ya prosesi. Faili moja kubwa la C++ linaweza kumaliza mgao wote. Ukiona `fork: Resource temporarily unavailable`, umegonga idadi ya prosesi, na mkosaji ni `make -j` isiyo na namba, inayozaa prosesi bila kikomo. Andika `make -j2`, ikigoma `-j1`. Na ujue kwamba wakati wewe unakompaili, tovuti yako mwenyewe inakula mgao huohuo; wateja wanaona ukurasa mweupe.

Kuna kingine kinachosahaulika: idadi ya mafaili. Msimbo wa maktaba moja kubwa una maelfu ya mafaili madogo, na akaunti yako ina kikomo cha inodi. Nafasi ya diski unayo, lakini barua pepe zimeacha kuingia.

Ongeza umeme kukatika hapa kwako. SSH ikikatika, `make` inakufa nayo, isipokuwa uliitanguliza `nohup`; na seva nyingine huua chochote kinachoendelea nyuma baada ya wewe kutoka. Ndiyo maana tunasema usipike kule.

glibc: mpya inaielewa ya zamani, ya zamani haiielewi mpya

Wanaokompaili kwenye laptopu kisha kunakili wanakutana na hili:

    /lib64/libc.so.6: version `GLIBC_2.34' not found

Kila kazi (function) iliyomo ndani ya glibc ina muhuri wa toleo. Ukikompaili, linka (inayounganisha programu na maktaba) inachukua muhuri mpya kabisa uliopo kwenye mashine hiyo. Namba 2.34 inaonekana mno kwenye makosa kwa sababu katika toleo hilo nyuzi (threads) za `pthread` na kazi za `dl` zilihamishiwa ndani ya `libc` yenyewe, hata mwanzo wa programu, `__libc_start_main`, ukapewa muhuri mpya. Kwa hiyo programu yoyote ya kawaida ya C iliyokompailiwa Ubuntu 22.04 haitafunguka AlmaLinux 8, hata kama ni ya kuandika "Habari" tu.

Kanuni: kompaili kwenye glibc iliyo sawa na ya seva, au ya zamani zaidi. Usijaribu kubeba glibc mpya kwenda nayo kwenye seva. Inawezekana, ila ni sawa na kuhamisha msingi wa nyumba ili upate kuingiza kabati.

Kontena ndilo suluhisho:

    podman run --rm -it -v "$PWD":/kazi:Z docker.io/library/almalinux:8 bash
    dnf -y install gcc gcc-c++ make cmake unzip binutils

Docker inafanya vilevile. Kushusha zana hizo kunakula kifurushi cha data, basi fanya mara moja mahali penye Wi-Fi, kisha hifadhi: ukiwa kwenye terminali nyingine, `podman commit` kontena hilo kuwa picha yako, na `podman save -o alma8.tar` uiweke kwenye flashi. Mwenzako wa Iyumbu au Ng'ong'ona ataifungua kwa `podman load -i alma8.tar` bila kutumia hata megabaiti moja.

Seva ikiwa bado ni CentOS 7, usihangaike na picha ya CentOS 7 yenyewe. Muda wake uliisha 30 Juni 2024, hazina zake zikahamishwa, na `yum` inagonga ukuta. Tumia picha ya `manylinux2014_x86_64` iliyoko quay.io chini ya `pypa`: ina glibc 2.17 lakini kompaila yake ni ya kisasa.

SQLite kwa amri moja

SQLite hutolewa pia kama faili moja kubwa, `sqlite3.c`, lenye mistari zaidi ya 200,000. Chukua zip ya "amalgamation" kutoka sqlite.org, hakiki heshi (alama ya kuthibitisha kwamba faili halijabadilika) iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kushushia, ifungue ndani ya `/kazi`, halafu:

    gcc -O2 -fPIC -shared -Wl,-soname,libsqlite3.so.0 \
      -DSQLITE_ENABLE_FTS5 -DSQLITE_ENABLE_COLUMN_METADATA \
      sqlite3.c -o libsqlite3.so.0 -lpthread -ldl -lm

`-fPIC` ni lazima kwa maktaba ya `.so`, ukiisahau, linka itakuambia `recompile with -fPIC`. `-march=native`, ambayo watu huinakili kwenye mafunzo ya kuongeza kasi, iache kabisa. Inakompaili kwa prosesa ya laptopu yako, na seva yenye prosesa ya zamani itakufa kwa `Illegal instruction`, tena pengine si siku ya kwanza bali siku mwenye seva anapokuhamishia mashine nyingine.

Kuhusu `-soname`: hilo ndilo jina ambalo maktaba inajitambulisha nalo, na mbinu yetu yote inalitegemea. Ukipitia `./configure` ya SQLite badala ya amri hii, hakikisha jina limo, kwa sababu matoleo ya tangu 2025 hayaliweki mpaka uombe:

    readelf -d libsqlite3.so.0 | grep SONAME

Kisha pima muhuri mkubwa kabisa inaoudai:

    objdump -T libsqlite3.so.0 | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -Vu | tail -1

Kwenye AlmaLinux 8 jibu ni `GLIBC_2.28`, kwa sababu ya `fcntl64`. Likiwa kubwa kuliko namba uliyoandika mwanzoni, usipoteze muda kupakia.

Lipeleke kwa `scp` au `rsync` kwenye `~/local/lib`. FTP ikiwa kwenye hali ya maandishi hulibadilisha faili bila kusema, na matokeo ni `invalid ELF header`.

Sheli na wavuti si mazingira mamoja

Hapa ndipo wengi wanapokwama siku mbili. Unaweka `export LD_LIBRARY_PATH=~/local/lib`, yaani folda ya kutafutia maktaba, kwenye `.bashrc`, unafungua Python, unauliza `sqlite3.sqlite_version`, inajibu toleo jipya. Unafungua tovuti: kosa lilelile la 3.26.0. Prosesi inayohudumia wavuti haikuanzia kwenye sheli yako (hii si ile ya mafuta), kwa hiyo `.bashrc` haijawahi kuisoma. Na kuiweka `LD_LIBRARY_PATH` ndani ya msimbo kwa `os.environ` ni kuchelewa. Kipakiaji cha maktaba huisoma prosesi inapozaliwa tu.

Njia inayofanya kazi: pakia maktaba yako kwa njia kamili kabla Python haijaigusa ile ya mfumo. Juu kabisa ya `settings.py`:

    import ctypes
    ctypes.CDLL("/home/jina/local/lib/libsqlite3.so.0")

Baadaye moduli ya `_sqlite3` inapodai `libsqlite3.so.0`, kipakiaji kinaona tayari ipo maktaba yenye jina hilo kwenye memori na kinaitumia hiyo. Tumechagua `settings.py` kwa sababu inasomwa na wavuti na pia na `manage.py migrate`, ukiweka kwenye `passenger_wsgi.py` pekee, tovuti itawaka lakini `migrate` itagoma. Kisha `touch tmp/restart.txt` ili Passenger, anayeendesha mfumo wako kwenye wavuti, aanze upya.

Hakikisha kwanza kwamba Python hiyo inaitegemea maktaba ya nje. `python -c "import _sqlite3; print(_sqlite3.__file__)"` itakupa njia, ipeleke kwa `ldd`. Usipoiona `libsqlite3.so.0` kwenye orodha, SQLite imo ndani ya moduli yenyewe na mbinu hii haina kazi. Rudi kwenye `pysqlite3-binary`.

Maktaba zikiwa nne

SQLite ni rahisi kwa kuwa haitegemei mtu. Chukua `cwebp`, ya kupunguza picha za simu kabla hazijajaza diski. Inataka libwebp, libjpeg na libpng, na libpng inataka zlib. Kabla ya yote angalia kama wavuti inaruhusiwa kuita programu ya nje: kwa PHP, tazama `disable_functions` kwenye `phpinfo()`. Ukikuta `exec` na `proc_open` zimo, kazi imeishia hapo.

Kwa programu ya kuendeshwa kama hii, unganisha maktaba zote ndani yake, ibaki faili moja. Nenda kwa mpangilio wa utegemezi, ndani ya kontena lilelile:

    export P=/kazi/mazao PATH=/kazi/mazao/bin:$PATH
    # zlib
    ./configure --static --prefix=$P && make && make install
    # libpng
    ./configure --prefix=$P --disable-shared CPPFLAGS=-I$P/include LDFLAGS=-L$P/lib
    # libjpeg-turbo
    cmake -S . -B jenga -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$P -DCMAKE_INSTALL_LIBDIR=lib \
      -DENABLE_SHARED=OFF -DWITH_SIMD=OFF
    # libwebp
    ./configure --prefix=$P --disable-shared CPPFLAGS=-I$P/include \
      LDFLAGS=-L$P/lib LIBS="-lz -lm"

Kwa libpng na libwebp malizia na `make -j2 && make install`; kwa ile ya CMake, `cmake --build jenga -j2 && cmake --install jenga`. `WITH_SIMD=OFF` ni kwa asiye na `nasm`; picha zitachakatwa taratibu kidogo. `LIBDIR=lib` inazuia mafaili kujificha `lib64`, ambako hatua inayofuata haitayatafuta. OpenSSL 3 nayo ina tabia hiyo ya `lib64`, na dawa yake ni `--libdir=lib`.

Mstari wa `LIBS` upo kwa sababu maktaba ya `.a` haikumbuki inamtegemea nani. Bila `-lz`, jaribio la libpng linashindwa, na `configure` ya libwebp hailalamiki: inaamua tu kwamba PNG haipo na kuendelea kwa furaha. Utapata `cwebp` iliyokompailiwa bila kosa hata moja, isiyoweza kufungua picha ya PNG. Soma muhtasari unaochapwa mwisho wa `configure`. JPEG na PNG zote ziandikwe `yes`. Halafu `ldd $P/bin/cwebp` ionyeshe ndugu wa glibc tu. Ukiona `libjpeg.so.62`, imeokota ya kontena.

Onyo moja kuhusu msimbo wenyewe. Zip ambayo GitHub huitengeneza yenyewe kwa kila toleo mara nyingi haina faili la `configure`. Chukua faili la tar ambalo wenye mradi wamelipakia. Na ukikuta `aclocal-1.16: command not found` wakati hukugusa chochote, tarehe za mafaili zimevurugika kwenye kunakili, na `make` inadhani inatakiwa kutengeneza `configure` upya. Fungua faili la tar upya ndani ya kontena, usinakili folda iliyofunguliwa.

Ambapo huwezi kufanya faili moja, kwa mfano kiendelezi cha PHP, mwambie linka mahali pa kutafuta kwa `-Wl,-rpath,/home/jina/local/lib`, ili usitegemee `LD_LIBRARY_PATH`. Kiendelezi cha PHP kina sharti la ziada: namba ya API ilingane na PHP ya seva, mfano 20220829 kwa PHP 8.2 na 20230831 kwa 8.3, na hali ya nyuzi, NTS au ZTS, iwe ileile. Zote mbili zimeandikwa kwenye `phpinfo()`.

Mwisho, weka amri zote kwenye faili la `.sh` kando ya matokeo. Mwenye seva akihamia AlmaLinux 9, ulichokompaili kwenye 8 kitaendelea kuifurahia glibc mpya, lakini chochote ulichokiacha kitegemee OpenSSL ya mfumo kitakufa siku hiyohiyo: `libssl.so.1.1` haimo tena, kuna `libssl.so.3`. Ukiwa na faili hilo la `.sh`, badilisha `almalinux:8` iwe `almalinux:9` uendeshe upya.